Meza mbili zinaniita, sijui nikae ipi

Shikamoo Mama,

Nina miaka 29, mzaliwa wa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Saint Paul, Minnesota. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naishi na mdogo wangu wa kiume wa miaka 17, alinifuata mwaka juzi na yuko sekondari. Jambo langu wengine wataliona la kitoto, lakini limeninyima raha mwezi mzima.

Kazini kuna wenzangu watano ambao kila Ijumaa jioni hukutana kwa mmoja wao kucheza Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kukaa mezani na kutunga hadithi pamoja. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mko wapi na mna nini mbele yenu. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini, na pasipojulikana kama jambo litafaulu, dadu zinarushwa. Hakuna anayeshinda. Hadithi yao ina mwaka wa pili na haijaisha. Waliponialika nilifurahi mno, maana miaka minne hapa sikuwahi kuingia nyumbani kwa mtu wa kazini.

Nilikwenda na sambusa. Wakanikabidhi mhusika aliyeachwa na mwenzao aliyehama, mchawi wa ngazi ya saba. Karatasi zake zilikuwa nne, maandishi madogo pande zote. Tukaingia vitani, zamu yangu ikafika, msimulizi akaniuliza, "Unafanya nini?" Nikaanza kusoma. Mmoja akanieleza tofauti ya uchawi ulioandaliwa na nafasi za kuutumia, mwingine akamkosoa, Kiingereza chao kinakimbia, nikasikia mtu anashusha pumzi na kuchukua simu yake. Mwishowe nikasema narusha moto. Kumbe moto ule ulikuwa mkubwa kuliko chumba, ukawachoma na wenzangu wawili. Walisema si kitu. Nilipofika kwenye gari nililia.

Mdogo wangu alipojua akasema kosa ni la mfumo, yaani kanuni za mchezo wanaoucheza, si langu. Yeye ni mtu wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyohiyo. Amesoma kanuni zake zote kwenye intaneti, anasema zimepangika zaidi, tena zina nchi iitwayo Mwangi, na kwa hilo alicheka mpaka akalala sakafuni. Anataka tucheze nyumbani kwa Kiswahili, pamoja na binamu zetu wawili, na mimi niwe msimulizi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikaingia mtandaoni kutafuta ushauri, nikatoka na kizunguzungu. Huyu anasema anza na Dungeons & Dragons kwa sababu ndiyo ya wengi, yule anasema ukianza nayo hutajifunza nyingine. Mara Dungeon World, mara Cairn, mara Ironsworn.

Pesa nazo ni tatizo. Vitabu vikuu vya Dungeons & Dragons ni vitatu, kila kimoja karibu dola 50. Mimi natuma nyumbani kila mwezi. Kutoa dola 150 kwa ajili ya mchezo naona haya.

Halafu nikaharibu zaidi. Nilimwambia mamangu kwa simu kwamba nimepata marafiki, tunacheza hadithi na mimi ni mchawi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Umekwenda Marekani kuwa mchawi?" Tangu siku hiyo kila akipiga ananiuliza kama naswali.

Kitu kimoja tu nilikipenda jioni ile. Kabla ya vita msimulizi aliniuliza mhusika wangu ametokea wapi. Nikasema, mji wa wavuvi wenye mnara uliozama, na maji yakikupwa sana kilele chake huonekana. Wote wakanyamaza wakinitazama. Kisha mchezo ukaendelea.

Nianze na mfumo gani, Mama? Na yule nitakayemkataa, nimwambie vipi?

Mgeni wa Ijumaa, Saint Paul

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi ya garini. Mtu aliyekaa ugenini miaka minne bila kuingia nyumba ya mwenzake, akaja akaingia na sambusa mkononi, kisha akatoka akiamini amewaharibia jioni yao, huyo hana jambo la kitoto. Mimi mwenyewe nilivutwa kwenye meza hizi na mwanangu wa mwisho, miaka sita sasa, na bado naketi. Kwa hiyo nitakujibu kama mshauri, na mara nyingine kama mchezaji.

Umeuliza uanze na mfumo gani. Barua yako ina na maswali mengine: kama unaweza mchezo huu au huuwezi, kama wenzako wa kazini wanakutaka kweli, kama udada mkubwa unakulazimu kubeba kila kitu nyumbani, na kama mamako amekupoteza. Kitabu cha kanuni kitakujibu kidogo sana katika hayo, lakini tuanze na vitabu, kwa sababu hapo ndipo ulipobanwa.

Nataka nikurudishe kwenye karatasi zile nne. Katika Dungeons & Dragons ngazi anazopanda mhusika kadiri anavyochezwa ni 20. Mchawi wa ngazi ya saba ana kitabu chenye uchawi usiopungua 18, huchagua kama 11 wa kuandaa kila siku, na ana nafasi 11 za kuutumia, zilizogawanywa kwa madaraja manne. Aliyemlea mhusika huyo tangu ngazi ya kwanza alijifunza kimoja kimoja kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Wewe ulivipewa vyote kwa pamoja, katikati ya vita, kwa lugha ya pili. Na ule moto mkubwa kuliko chumba, mwanangu, sijakaa meza hata moja ambayo mgeni hakuwahi kuwaunguza wenzake nao. Umejipima kwa kiti kigumu kuliko vyote vilivyokuwa pale. Je, ingekuwaje kama wangekupa mpiganaji wa ngazi ya kwanza, mwenye upanga, ngao, na mambo mawili matatu ya kukumbuka? Sijui, na wewe hujui bado. Ndiyo maana neno "siwezi" naona limekuja mapema.

Mdogo wako naye ana haki yake, ila nusu. Mifumo inatofautiana kweli, na njia nzuri ya kuiona tofauti ni kuchukua kitendo kimoja na kukipitisha katika kila mfumo. Tuseme mhusika wako anataka kuruka kutoka paa hadi paa, walinzi wako nyuma yake.

Kwenye Dungeons & Dragons msimulizi huweka namba, tuseme 15. Unarusha dadu ya pande 20, unaongeza wepesi wako, tuseme 3. Ukipata 12 na kuendelea umevuka, chini ya hapo umekosa. Pathfinder, toleo lake la pili la mwaka 2019, inafanana hapo, lakini inaangalia pia umepita au umepungukiwa kwa kiasi gani. Jumla ikifika 25, yaani kumi juu ya namba, umevuka kwa ufundi na unapata ziada. Ikiwa 5 au chini yake umeanguka vibaya. Na vitani kila zamu una vitendo vitatu vya kutumia upendavyo. Vijana wanaopenda hesabu na mipango huipenda kwa hilo. Gharama yake ni kwamba hata mhusika wa ngazi ya kwanza anadai uchague mengi, na kila ngazi inaleta orodha nyingine. Aliyechoshwa na karatasi nne asidhani hapa atapata moja.

Dungeon World, ya mwaka 2012, inatumia dadu mbili za kawaida za pande sita, unazijumlisha na wepesi wako. Ukifika 10 umevuka. Ukipata 7 hadi 9 umevuka kwa gharama: labda kiatu kimeanguka, labda mlinzi mmoja ameuona uso wako. Sita au chini, msimulizi anasema kilichotokea, na wewe unaandikiwa alama ya uzoefu kwa sababu umejifunza kitu. Hapa zamu yako haianzi kwa kusoma, inaanza kwa kusema. Ila meza yote inategemea msimulizi mwenye akili nyepesi, kwa kuwa zile 7 hadi 9 hutoka mara nyingi sana na kila moja inataka gharama mpya ya kubuni.

Cairn ni kijitabu kisichofika kurasa 30, cha mwaka 2020. Unarusha dadu ya pande 20, ukipata sawa na wepesi wako au chini yake umepona. Mhusika wako anatambulika kwa alivyobeba, na ana nafasi kumi tu za mizigo. Vitani hakuna kurusha ili ujue kama umempata adui: ukipiga umempata, kilichobaki ni kujua umeumiza kiasi gani. Naye akikupiga, vivyo hivyo. Wahusika hufa haraka humo. Kijana aliyekaa wiki nzima akimbuni mtu wake anaweza kukasirika kumzika jioni ya kwanza, na wewe dada mtu ndiye utakayekuwa umemuua.

Ironsworn ni ya mwaka 2018, inatolewa bure, na unaweza kuicheza peke yako bila msimulizi. Nakuona umetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, unamchukua mhusika wako na kiapo alichokula, unarusha dadu tatu na kuandika kilichompata. Hakuna anayekutazama, hakuna anayechukua simu. Lakini uliyoniandikia kwa furaha kubwa ni kwamba umealikwa, na kucheza peke yako ni kucheza peke yako.

Kuhusu pesa, usinunue chochote sasa. Mchezaji wa Dungeons & Dragons hahitaji vitabu vitatu. Viwili kati ya hivyo ni vya msimulizi, na cha wachezaji meza yenye miaka miwili lazima kipo. Kanuni za msingi zinapatikana bure, na tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kiini chake imewekwa chini ya leseni huria. Kanuni zote za Pathfinder ziko wazi kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa idhini ya kampuni yenyewe, na bila shaka ndipo mdogo wako alipozisoma. Na ile Mwangi aliyoichekea ina kitabu chake kizima cha mwaka 2021, nchi iliyochota mengi kutoka Afrika. Muombe akusimulie siku moja akishamaliza kucheka.

Sasa tuje kwenye meza zenyewe.

Ya Ijumaa. Unaogopa kwamba hawakutaki, na ushahidi wako ni pumzi moja iliyoshushwa. Watano wamekuita nyumbani, wakakupa mhusika wa mwenzao waliyempenda, na ulipowachoma wakasema si kitu. Inawezekana mmoja alichoka. Inawezekana pia wote walikuwa wanajilaumu kwa kukupa mchawi. Kulijua hilo hakuna njia ila kuuliza, na unaweza kuuliza kwa maneno machache: "Nilipenda kuja. Mhusika yule alinizidi. Naweza kupata mpiganaji, na mmoja wenu akae kando yangu vikao viwili vya kwanza?" Au uwaombe jioni moja ya pembeni, hadithi fupi ya ngazi ya kwanza inayoanza na kuisha siku hiyohiyo, meza nyingi hupenda mapumziko ya namna hiyo. Hatari ipo. Wanaweza kusema hapana, na kazini mtaonana Jumatatu. Wanaweza kusema ndiyo, na bado ukakuta hadithi ya miaka miwili ina majina na vicheko usivyovijua. Na Kiingereza chao hakitapungua mbio kwa sababu yako. Kuna moja ya kukusaidia: hulazimiki kuigiza sauti. Sema tu, "Anasogea mlangoni, anasikiliza." Wako wanaocheza hivyo miaka yote.

Ya nyumbani ina utamu wake, na mimi moyo wangu uliruka niliposoma "kwa Kiswahili", sitakuficha. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akiulizwa "unafanya nini?" kwa Kiswahili, jibu linamtoka. Sisi tumekua na paukwa, pakawa. Kumjibu msimulizi si jambo tulilojifunza ukubwani. Cairn, kwa mfano, leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitafsiri na kuisambaza, mradi amtaje mtunzi na tafsiri yake aiache huria vilevile. Vijana watatu na kijitabu hicho, likizo moja ingewatosha.

Lakini nani kasema msimulizi lazima awe wewe? Kuwa mkubwa kunakupa kusaini fomu za shule na kulipa umeme. Hapa aliyesoma kanuni zote ni mdogo wako. Ukikaa kiti cha msimulizi naye anazijua kuliko wewe, atakukosoa kila dakika tano mbele ya binamu, na utajikuta tena kwenye jioni ile ya Ijumaa, safari hii sebuleni kwako. Mnaweza kubadilishana: yeye asimulie, wewe uwe mchezaji. Au yeye ashike kanuni na wewe ushike hadithi, wawili kwa kiti kimoja. Au aanzishe binamu, wewe ukae pembeni ukisikiliza wiki ya kwanza. Yeye naye, nahisi, anachokuomba ni zaidi ya mchezo. Amekufuata ng'ambo ya bahari, na usiku uko kazini.

Unaweza kukaa zote mbili. Wengi hufanya hivyo. Ujue tu kwamba jioni mbili kwa wiki ni nyingi kwa mtu wa zamu, na kanuni za nyumbani zitakuchanganya Ijumaa. Unaweza pia kungoja. Mchezo huu wa Dungeons & Dragons ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974, na mmoja wa waasisi wake wawili, Dave Arneson, alikuwa mtu wa huko huko Saint Paul. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiwasimulia wenzake kabla hakujawa na kitabu cha mtu kununua. Hautakukimbia.

Mamako sasa. Mwanangu, lile neno "mchawi". Huko mezani kwao ni mtu wa vitabu aliyejifunza nguvu za siri kama wengine wanavyojifunza uhunzi. Kwetu mchawi ni anayeroga, anayetoka usiku, anayeua watoto wa jirani. Ulimwambia mamako kwamba umekuwa huyo, naye yuko mbali nawe bahari nzima. Na Marekani kwenyewe, miaka ya 1980, wazazi na makanisa mengi waliuogopa mchezo huu kwa mambo ya kishetani, kwa hiyo si ushamba wake. Mpigie siku usiyo na haraka, umsimulie kilichotokea kama hadithi: mlango, pango, wenzako, moto. Mwambie ni ngano ambayo wasikilizaji wanaruhusiwa kuingia ndani. Kisha msikilize. Akikuuliza kuhusu dadu, usimkatishe; Pwani dadu zinanuka kamari, na hata pasipo pesa wako wanazuoni wanaozikataa. Hilo muulize unayemwamini katika dini, mimi silisemei. Na kama kuna mambo hutaki kuyatamka hata kwa mhusika, kumwabudu mungu wa kubuni kwa mfano, yaseme mapema. Meza nzuri huwa na kikao cha kwanza cha kukubaliana yapi yaingie na yapi yabaki nje, na hakuna anayedaiwa sababu.

Sijakuchagulia meza, na nisingeweza. Ila kuna sehemu ya barua yako uliyoipitia mbio nami nikaisimamia. Ulipoulizwa mhusika wako ametokea wapi, hukusoma karatasi. Ulijibu palepale, kwa Kiingereza hichohicho kinachokutesa, na watu wenye hadithi ya miaka miwili wakanyamaza. Hapakuwa na dadu, hapakuwa na namba ya kufikia. Wala hukuniambia kama msimulizi aliwahi kuurudia mnara ule baada ya vita. Ukikutana naye kazini, muulize kama anaukumbuka. Muulize mdogo wako pia, angeuweka wapi.

Na ukiniandikia tena, nieleze mimi: ulizama lini, na nani alikuwa juu siku hiyo?